Ukucha wa gumba la mbwa ukichanika: tazama kinachocheza

Mbwa akiumia ukucha wa gumba, ule uliokaa juu upande wa ndani wa mguu wa mbele, watu wa nyumbani hugawanyika. Wapo wanaoona matone ya damu kuanzia getini hadi barazani wakaamini mguu umevunjika. Wapo wanaoona mbwa anakula, anatembea, na usiku anabweka kama kawaida, wakasema ni kidonda tu, kitapona chenyewe. Huenda wote wako sahihi, huenda wote wamekosea, kwa sababu majeraha ya ukucha huu yapo ya aina nne au tano zisizofanana, na matunzo yanayoponya moja yanaweza kuliharibu jingine.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja na hakihitaji kifaa. Usihesabu damu, angalia kipi kinacheza, yaani kipi kimelegea na kuyumba. Kama hakuna kinachocheza, huenda kazi yote ikaishia nyumbani. Kama ukucha unacheza juu ya kidole, mbwa anahitaji daktari wa mifugo, na akipelekwa kesho asubuhi hujachelewa. Kama kidole chenyewe kinacheza juu ya mguu, aende leo. Ukishaelewa kidole hiki kimejengwaje, utaona kwa nini mpangilio uko hivyo.

Kidole chenyewe

Mguu wa mbele wa mbwa una vidole vitano. Vinne vinakanyaga ardhi, na kila kimoja kina mifupa mitatu. Cha tano ni gumba. Limekaa juu ya vingine, halikanyagi mbwa anapotembea, na lina mifupa miwili, kama gumba la binadamu. Wengi hulichukulia kuwa kitu cha ziada, kana kwamba limebandikwa tu. Kwa mguu wa mbele hiyo si kweli: limeungwa kwa mifupa na kano. Mbwa anapokimbia kwa kasi na kukata kona ghafla, kifundo chake huinama mpaka gumba linagusa ardhi na kusaidia mguu usijisokote. Mpe mfupa halafu mtazame anavyoubana kwa magumba mawili ili usimponyoke. Ni kidole cha kazi, na kikiumia mbwa anakosa kitu.

Miguu ya nyuma ni habari nyingine. Mbwa wetu wengi hawana gumba nyuma kabisa. Aliye nalo, mara nyingi limeshikwa na ngozi tu, bila mfupa wa kuliunganisha na mguu, kwa hiyo linayumbayumba na kunasa kirahisi. Zipo aina za mbwa, kama Great Pyrenees na Briard, ambazo kwa asili huzaliwa na magumba mawili kila mguu wa nyuma. Ukimwona mtoto wa mbwa wa namna hiyo usidhani ana ugonjwa.

Sasa ukucha. Kwa nje ni ganda gumu la keratini, kitu kilekile kinachojenga kucha zetu na pembe za mbuzi. Ganda halina hisia. Ndani yake kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na ndani ya kiini kuna ncha ya mfupa wa mwisho wa kidole. Kwa hiyo ganda likipasuka hadi kwenye kiini, damu hutoka nyingi kuliko ukubwa wa jeraha, mbwa hupiga kelele ukimgusa, na bakteria wakishaingia hawana safari ndefu kufika mfupani. Mfupa ukioza, mambo ya kuosha na kufunga nyumbani yameshapitwa.

Kwa nini gumba, na kwa nini huku kwetu

Kucha zinazokanyaga husagika kila siku. Ukucha wa gumba haukanyagi, hivyo unarefuka, unajipinda, na ncha yake inageuka kuwa ndoano. Hilo ni la mbwa wote duniani. Lakini Mtwara na Lindi tuna jambo letu la ziada: mchanga. Ukanda wa pwani ni mchanga, na hata ukipanda Newala na Tandahimba unakanyaga udongo wa kichanga. Mchanga laini hausagi ukucha kama changarawe au sakafu ya saruji. Mbwa wa ulinzi anayeshinda bandani mchana kutwa na kuzunguka kwenye mchanga usiku anaweza kuwa na kucha ndefu miguu yote, na ya gumba ndiyo inayotangulia kujikunja.

Halafu kuna pa kunasia. Wavu wa uzio ndio adui wa kwanza: mbwa anarukia, miguu ya mbele inapenya kwenye matundu, anaposhuka mwili wote unaning'inia kwenye ukucha mmoja. Kuna seng'enge. Kuna mawe ya matumbawe pwani ya Mikindani na Kilwa, yenye makali na vitundu. Kuna vichaka vya Umakonde vilivyosukana miba na mizizi. Mbwa anayefukua mashimo ya panya pori, samaki nchanga kama wanavyoitwa huku, anachimba kwa nguvu zote kati ya mizizi, na gumba hunaswa hapo. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, mbwa wengi huachwa wazi usiku kucha kulinda mashamba na maghala, wanafukuza ngedere na nguruwe pori gizani. Mwenye mbwa wa kazi hiyo amkague miguu kila asubuhi. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo inayotenganisha jeraha la leo na usaha wa wiki ijayo.

Kabla hujamgusa

Mbwa mpole kuliko wote mtaani anaweza kukuuma ukimshika ukucha uliopasuka. Maumivu ni makali, na yeye hajui kama unamsaidia. Kwa hiyo anza na mdomo. Chukua kipande kirefu cha kanga iliyochakaa au bandeji, fanya kitanzi kilegevu, kivishe juu ya pua na ukaze fundo moja kwa juu. Pitisha ncha zote mbili chini ya kidevu, funga tena, kisha zipeleke nyuma ya masikio na umalizie kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, au mwenye pua fupi iliyobonyea usimfunge mdomo. Na hata aliye mzima asikae hivyo zaidi ya dakika chache, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na joto letu la pwani linajulikana. Mtu mmoja ashike kichwa na mwili, mwingine ashughulike na mguu. Ukiwa peke yako na mbwa mwenye maumivu, subiri upate mwenzako.

Glovu za duka la dawa zina faida mbili. Zinalinda jeraha na uchafu wa mikono yetu, na zinamrahisishia kazi Mwislamu anayefuga mbwa wa ulinzi au wa shamba lakini anajihadhari na mate yake. Nimeona majeraha mengi yanachelewa kugundulika kwa sababu tu hakuna mtu nyumbani aliyezoea kumshika mbwa. Glovu na kitanzi cha kanga vinaondoa kikwazo hicho bila mtu kuvunja desturi yake.

Hapa lazima niseme habari ya kichaa cha mbwa, hata kama tunazungumzia ukucha. Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa maeneo ya kusini mashariki yaliyofanyiwa kampeni kubwa za chanjo ya ugonjwa huu kuanzia 2010. Lakini chanjo ya zamani haimlindi mbwa aliyezaliwa jana, na kila mbwa anahitaji kurudiwa. Kama mbwa hana chanjo, hujui jeraha lilivyompata, na tabia yake imebadilika, sauti imekuwa ya kukauka, anadondosha mate, anang'ata hata vijiti, basi usimguse kabisa. Mfungie alipo, weka watoto mbali, mwite afisa mifugo wa kata. Na mbwa yeyote akikuuma wakati unamtibu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaeleze hali ya chanjo ya mbwa. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kuzuia damu

Kandamiza ukucha kwa kitambaa safi, bila kuachia, kwa dakika 5 hadi 10. Kosa la kawaida ni kufunua kila nusu dakika kuangalia kama imekata. Kila ukifunua unang'oa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kama ni ncha tu ya ukucha iliyokatika, unga laini wa wanga au wa ngano ukibanwa pale kwenye ncha husaidia damu kuganda, na hata kuichomeka ncha kwenye kipande cha sabuni ya mche hufanya kazi. Hayo ni ya ncha pekee. Kwenye kiini kilicho wazi usiweke unga, maana unageuka uji wenye damu ambao bakteria wanaupenda.

Mbwa mzima hafi kwa damu ya ukucha. Lakini zikipita dakika kama 15 za kukandamiza sawasawa na bado inatiririka, tatizo linaweza kuwa kwenye damu yenyewe. Mbwa wenye kupe wengi hupata maradhi yanayopunguza chembe za kugandisha damu, na sumu ya panya hufanya jambo linalofanana na hilo kwa njia nyingine. Mweleze daktari mambo hayo mawili, kupe na sumu, kabla hajakuuliza.

Sasa angalia kipi kinacheza

Damu ikitulia, mruhusu mbwa atembee hatua chache kwenye sakafu tambarare huku unamulika kwa tochi ya simu kutoka upande wa ndani wa mguu. Usikishike kidole ukakitikisa ili kupima. Linganisha na mguu wa pili: je, gumba limekaa pembe ileile? Ganda linafuata kidole, au linabaki nyuma na kuyumba? Piga picha mbili, moja kwa mbele na moja kwa ubavu. Ukimtumia daktari kwa simu, picha hizo zitamweleza zaidi ya maneno yako.

Ukiona ncha tu imekatika, au kuna ufa mdogo ambao haujafika kwenye kiini, hakuna cha kutisha. Osha, punguza makali yaliyobaki kwa msasa ili yasinase tena kwenye mkeka au wavu, basi.

Ukiona ganda limetoka lote, na kilichobaki ni kijiti chekundu chenye unyevu, utashtuka, kwa sababu hili ndilo linaloonekana baya kuliko yote. Ukweli ni kwamba ni miongoni mwa yaliyo nafuu. Hakuna kinachocheza, hakuna kinachovuta mishipa kila mbwa anapopiga hatua. Kiini kikiwa kizima na safi, kitauma sana kwa siku 2 au 3, kitakauka, na ukucha mpya utaota kutoka kwenye shina. Bado ni vizuri daktari akimwona kwa ajili ya dawa ya maumivu, lakini mbwa wa namna hii anayeishi mbali na mji anaweza kutunzwa nyumbani vizuri akapona.

Mgumu ni yule ambaye ukucha wake umevunjika karibu na shina, au umepasuka kwa urefu, na sasa unaning'inia, umeshikwa upande mmoja. Nimemtazama kwa karibu mbwa wa shamba mwenye jeraha hili, koko mkubwa wa rangi ya kahawia. Akisimama husemi kama anaumwa. Akianza kutembea, ganda linagusa majani, linafunguka kama robo ya sentimita, anaruka mguu juu, anasimama, analamba, anaanza upya. Kila mguso unavuta kiini kilekile chenye mishipa ya fahamu. Ulimi nao unaleta bakteria na kuondoa kila kigaga kinachojaribu kujifunga. Kidonda kama hiki hakiponi kwa sababu hakipati nafasi ya kutulia, na ukucha uliovunjika haujiungi tena hata ukiufunga bandeji mwezi mzima. Kipande kilicholegea lazima kitoke.

Ni nani akitoe? Najua jibu la vijana wengi wa mashambani: mbane, chukua koleo, vuta. Nawasihi msifanye hivyo. Maumivu yake ni makubwa, mbwa hatasahau, na mara nyingine kitakachovutwa si ganda peke yake, kwa sababu ufa umeshuka hadi kwenye mfupa na kwa nje hauonekani. Daktari humpa mbwa dawa ya usingizi mwepesi au sindano ya ganzi, akakiondoa kipande kwa muda mfupi sana, akaosha na kuangalia kilichobaki. Unapopiga simu kwa afisa mifugo wa kata, ambaye kazi zake nyingi ni ng'ombe, mbuzi na kuku, uliza moja kwa moja: "Una dawa ya ganzi au ya usingizi kwa ajili ya mbwa?" Kama hana, muulize ni daktari gani anayo. Swali hilo linaokoa safari ya bure, na kumsafirisha mbwa mwenye maumivu kwa bajaji kutoka kijijini si jambo la kurudia mara mbili.

Mwisho ni kidole chenyewe kucheza. Gumba limegeuka upande usio wake, limevimba lote mpaka kwenye kifundo, au linaning'inia na ngozi imechanika. Hapo kiungo kimetenguka au mfupa umevunjika. Usijaribu kukirudisha. Kifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi, kiegemeze kwenye mguu kwa bandeji nyepesi, mpeleke. Daktari anaweza kuamua kukirekebisha au kukiondoa, na mbwa wengi wanaoondolewa gumba huendelea na maisha yao vizuri.

Kuosha na kufunga

Chemsha maji nusu lita, yaache yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Mimina polepole juu ya jeraha mpaka mchanga wote utoke. Mchanga uliobaki chini ya ganda ndio unaoleta usaha. Ukiwa na povidoni ayodini ya duka la dawa, izimue kwa maji safi hadi rangi yake iwe kama chai ya rangi iliyopauka, kisha tumia hiyo. Ikiwa nzito inaunguza tishu changa. Spiriti na haidrojeni paroksaidi ziache.

Kwa kufunga, anza na gozi iliyopakwa vaselini kidogo ili isigande kwenye kiini. Weka pamba kidogo kati ya gumba na mguu, la sivyo ukucha utasugua ngozi na kutengeneza kidonda cha pili. Kisha zungusha bandeji kuanzia vidoleni kupanda juu kupita kifundo, ukiacha kucha mbili za katikati zikionekana. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanafunga kifundo tu, kama bangili, na baada ya saa chache wayo unavimba kwa sababu damu inashuka lakini hairudi. Vidole vyako viwili vipite chini ya bandeji bila taabu. Zile kucha mbili za katikati zikitengana, au vidole vikiwa vya baridi, fungua mara moja. Raba bendi na kamba visitumike kabisa; vinazama kwenye nywele, watu wanavisahau, na mguu unaweza kufa.

Badilisha kila siku, na kila inapolowa. Wakati wa masika mvishe mbwa soksi na mfuko juu ya bandeji anapotoka kujisaidia, uvivue akirudi, kwani unyevu uliofungiwa ndani huozesha. Jeraha la ganda lililotoka lote halihitaji bandeji zaidi ya siku chache. Baadaye linahitaji hewa na kutolambwa. Kola ya kuzuia kulamba unaweza kuitengeneza kwa ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako, ukingo ukazungushiwa kitambaa. Atagonga milango siku ya kwanza, siku ya pili atazoea. Hakikisha akiwa ameivaa anaweza kula na kunywa.

Na nzi. Kidonda kilicho wazi kwa mbwa anayelala nje huku kwetu kinaweza kuwa na mabuu ndani ya siku moja au mbili. Chungulia kati ya vidole pia, funza wanaozama kwenye ngozi ya miguu hupenda kukaa humo, na mguu wenye funza huchelewa kupona.

Dawa za kuacha

Hapa ninaomba umakini, kwa sababu dawa ya maumivu ya binadamu inaweza kumuua mbwa ambaye ukucha usingemuua. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo ziko karibu kila nyumba, humtoboa mbwa tumbo na kuua figo. Parasetamoli huharibu ini lake na kuzuia damu kubeba hewa. Usifikirie kwamba nusu kidonge ni salama kwa sababu yeye ni mdogo. Daktari wa mifugo ana dawa zilizopimwa kwa mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, naye hukadiria kwa uzito.

Kufungua kapsuli ya antibiotiki na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda hakusafishi chochote, kunatengeneza ukoko unaofungia usaha chini, na kunazoesha bakteria dawa. Si kila ukucha uliochanika unahitaji antibiotiki. Jeraha jipya lililosafishwa vizuri mara nyingi halihitaji. Oili chafu ni sumu, na mbwa atairamba. Majivu na mavi ya ng'ombe yanaweza kubeba vijidudu vya pepopunda, na ingawa mbwa hupata pepopunda kwa nadra kuliko farasi au binadamu, huipata. Mafuta ya maganda ya korosho wapo wanaoyasifia kwa kila kidonda. Aliyewahi kubangua korosho kwa mikono anajua yanavyobabua ngozi. Fikiria kwenye nyama iliyo wazi.

Siku zinazofuata

Jeraha linalopona hupungua kila siku: uvimbe, unyevu, kuchechemea. Likigeuka na kuongezeka baada ya saa 48, likatoa harufu au usaha, au mbwa akagoma kula, si la nyumbani tena. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, kwa hiyo mwili wake utauhisi wa moto hata akiwa mzima. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa ndicho cha kuamini. Ukucha mpya huchukua miezi kadhaa kukamilika, na unaweza kuota mnene au uliopinda. Ukiwa hivyo utapasuka tena kirahisi, basi ufupishwe mara kwa mara.

Kuna hali mbili zinazofanana na jeraha lakini si jeraha. Mbwa ambaye kucha zinapasuka na kutoka moja baada ya nyingine, miguu tofauti, bila kunaswa popote, anaweza kuwa na ugonjwa wa kinga ya mwili unaoshambulia mashina ya kucha. Na mbwa mzee mwenye kidole kimoja kilichovimba, kinachotoa damu, kisichopona wiki baada ya wiki, anahitaji kuchunguzwa saratani. Kwa hao wawili, kubadilisha bandeji ni kupoteza muda.

Kuupunguza kabla haujanasa

Ukucha wa gumba ukaguliwe kila wiki 3 au 4. Ukiuacha, unaweza kujikunja duara kamili na ncha ikaingia kwenye ngozi. Mbwa wa nywele ndefu hukaa nao hivyo kwa muda mrefu bila mtu kujua. Ulioingia nyamani usiukate mwenyewe, kwa kuwa kuchomoa ncha huacha tundu lenye uchafu linalohitaji kuoshwa kwa kina.

Ulio mrefu tu, ukate kidogokidogo kwa mkasi wa kucha za mbwa. Kwenye ukucha mweupe utakiona kiini cha waridi. Simama kabla hujakifikia. Kwenye ukucha mweusi, kata vipande vyembamba huku ukitazama sehemu iliyokatwa: ikitokea doa la kijivu au jeusi lenye unyevu katikati, umefika, acha. Kisu, panga na koleo vinaponda ganda na kulipasua kwa urefu, yaani vinatengeneza jeraha lilelile unalolikimbia, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Kama mkasi maalumu haupatikani, kipande cha msasa kilichozungushwa kwenye kijiti kinatosha. Sugua mara kumi, mpe kipande cha dagaa, mwache aende, urudie kesho. Mtoto wa mbwa aliyezoeshwa kushikwa vidole tangu akiwa na miezi miwili atakukabidhi mguu mwenyewe akiwa mkubwa.

Watu huniuliza kama si bora kuyakata magumba yote mapema, yaishe. Kwa mguu wa mbele naona hapana, isipokuwa limeharibika au linaumia tena na tena, maana mbwa wa shamba analihitaji anapokimbia na kukata kona. Kwa gumba la nyuma linaloning'inia kwa ngozi, na ambalo limeshanasa zaidi ya mara moja, ni busara kuliondoa. Muombe daktari afanye hivyo siku anapomhasi au kumfunga kizazi, mbwa akiwa tayari yuko kwenye usingizi wa dawa, ili asilazwe mara mbili.